Kikosi, fuvu na mtulinga: Historia ya shingo katika Kiswahili cha Pwani

Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu hospitalini. Sitaitaja hospitali yenyewe kwa sababu kilichotendeka pale kingeweza kutendeka popote nchini. Shangazi ni mzaliwa wa Msambweni. Kiswahili chake ni cha nyumbani, hakijapitia darasani, na ndani yake mna Kidigo cha kutosha. Alikuwa ameteleza akiwa na ndoo ya maji kichwani. Ndoo haikumwangukia, ila mzigo ulikwenda upande mmoja na shingo ikabaki upande wa pili.

Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mama," akasema, kisha akauliza anaumwa wapi.

"Marahaba, mwanangu. Ni kikosi. Kikosi chaniuma, chapanda mpaka kisogoni, na mkono huu wafa ganzi."

Kalamu ikasimama. "Kikosi gani, mama?"

Shangazi akanigeukia mimi kwa mshangao, kana kwamba kijana ameuliza pua ni kitu gani. Kabla sijafungua mdomo, kijana alikwisha kuandika kuwa mgonjwa anaumwa na kichwa. Tukapewa vidonge vya maumivu vya siku tano. Wiki sita baadaye, katika hospitali nyingine, tabibu mwingine aliweka vidole vyake nyuma ya shingo ya shangazi, akabonyeza, akaagiza picha ya eksirei. Pingili mbili za shingo zilikuwa zimesogeleana na kuubana mshipa wa fahamu uendao mkononi. Hadi leo shangazi akitaka kutazama nyuma hugeuka na mabega yote.

Sidai kuwa neno moja ndilo lililomponza. Foleni ilikuwa ndefu siku ile, na ganzi ya mkono ilitajwa kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa. Lakini neno lile lilikuwa limebeba habari yote iliyohitajika, likapotea njiani baina ya watu wawili ambao wote wanazungumza Kiswahili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya majina ya kichwa na shingo katika lugha yetu, na makala haya ndiyo mavuno yake.

Kwanza kikosi chenyewe. Kwa msomaji wa gazeti, kikosi ni kundi la askari au wachezaji kumi na mmoja wanaotajwa kabla ya mechi. Kamusi za zamani, hata hivyo, zinakieleza kwanza kuwa ni nyuma ya shingo, pale ambapo kinyozi humalizia kazi yake. Ndugu yake ni ukosi. Hilo nalo lilianzia mwilini, likahamia kwenye nguo. Tunaposema "ukosi wa shati" tunataja sehemu ya shati iliyopewa jina la sehemu ya shingo inayoifunika. Shati limeshinda kesi. Mwambie mwanafunzi wa leo kuwa ukosi wake una kidonda, ataangalia kola.

Juu ya ukosi kuna kisogo, na wengine wa Mvita husema kishogo. Hiki kimesalimika kwa sababu ya msemo: kumpa mtu kisogo kila Mswahili anajua maana yake. Panapochomoza zaidi ni kogo. Juu kabisa ni utosi. Mbele kuna paji la uso, na likitokeza sana huitwa komo. Pembeni mna panja, na chini taya na kidevu. Chini ya shingo, mfupa ule unaolala kutoka kifuani kwenda begani, ambao wembamba wa mtu huujulisha kwa ulimwengu, ni mtulinga. Nimewauliza walimu kadhaa wa Kiswahili wauguse mtulinga wao. Wawili waligusa bega, mmoja akagusa ubavu.

Wasomaji wa ukumbi huu wanapenda kujua asili ya maneno, basi tuanze na yaliyo makongwe. Kichwa cha Unguja, kitwa cha Mvita na chitswa cha Wadigo ni neno moja lililopita katika vinywa vitatu. Mgikuyu naye husema mũtwe na Mganda omutwe. Shingo vilevile: Wadigo wana singo, Wagikuyu na Wakamba wana ngingo. Hapo wanaisimu huona sauti ya kale ya k ambayo kwetu, ilipokaa mbele ya i, ililainika ikawa sh. Maneno haya yaliletwa na wasemaji wa Kibantu walipoingia katika nchi hii zamani sana, pamoja na kilimo na ufinyanzi. Na ufinyanzi huo wa mwanzo, kwa wanaakiolojia wa dunia nzima, unaitwa kwa jina la nyumbani kwetu. Mwaka 1966 Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akapata vigae vya karne za mwanzo baada ya Kristo, na tangu hapo vyungu vya namna hiyo, hata vikipatikana mbali ndani ya Tanzania, huitwa vya Kwale. Anayevichunguza hutazama mdomo wa chungu na shingo yake. Mfinyanzi naye husema hivyo hivyo: chungu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo.

Mwili, basi, umekipa chungu majina. Lakini mwili nao umekopa, na hapa ndipo penye utamu. Fuvu la kichwa ni nini? Ni ganda tupu, kitu kigumu kilichobaki baada ya cha ndani kutoka. Nazi ikishakunwa, kinachobaki ni kifuu. Fuvu, fuu, kifuu: ni ukoo mmoja. Wengine husema bupuru, nalo ni hadithi hiyo hiyo ya ganda tupu. Ukitaka kujua lugha hii ilikulia wapi, simama Diani au Msambweni chini ya minazi utazame rundo la vifuu nje ya jiko. Wala tusidhani ni ushamba wetu peke yetu. Warumi walikuwa na neno testa, chombo cha udongo au gae, watu wakalitumia kwa mzaha kuita kichwa, na mzaha ule ndio leo neno rasmi la kichwa kwa Kifaransa, tête.

Pingili nayo imetoka shambani. Pingili ni kipande cha muwa baina ya fundo na fundo. Kwa mtoto aliyekulia karibu na Ramisi, palipokuwa na kiwanda cha sukari hadi kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuna haja ya kueleza zaidi. Alikuwa akizihesabu pingili kwa meno. Uti wa mgongo ni uti, mti mwembamba wenye pingili zake. Shingoni ziko saba. Twiga naye ana saba, japo kila moja ni ndefu kuliko kiganja. Pingili ya kwanza ndiyo inayobeba fuvu, na wataalamu wa Ulaya wameiita Atlas, jina la jitu wa hadithi za Wayunani aliyebebeshwa mbingu. Kichwa kinapoinama kusema ndiyo, mwendo unatoka kwenye kiungo baina ya fuvu na pingili hiyo. Kinapotikisika kusema la, pingili ya kwanza inazunguka juu ya ya pili, ambayo ina kijino kilichosimama kama mhimili wa kinu. Karibu nusu ya uwezo wetu wote wa kugeuza kichwa umo katika kiungo hicho kimoja. Mwanamke mwenye ndoo ya lita 20 juu ya ngata, anayesalimiana na jirani bila kumwaga tone, anavitumia viungo hivyo kwa ustadi ambao sijaona ukiandikwa katika kitabu chochote cha biolojia cha sekondari.

Fuvu lenyewe si mfupa mmoja. La mtu mzima lina mifupa 22, minane ikizunguka ubongo na 14 ikijenga uso. Mingi imeunganishwa kwa mistari iliyopindapinda ambayo Kilatini huiita mishono. Neno hilo lingemfaa fundi wa Pwani pia, kwani mababu zetu walijua kuunganisha mbao bila misumari. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, nao ulikwenda mbali. Utotoni mishono hiyo haijakaza, na penye nafasi kubwa zaidi ni utosini. Mkunga huweka kiganja pale akahisi mapigo. Pakibonyea, hujua mtoto amepungukiwa na maji. Kwa kawaida pengo hilo huziba kati ya mwaka mmoja na miwili, na wazee husema utosi umekaza.

Kiungo kinachosogea kwa dhahiri katika fuvu zima ni kimoja tu, cha taya, mbele kidogo ya sikio. Weka kidole hapo ufungue mdomo utakihisi. Niruhusuni nichepuke. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, matabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu walifuata mafundisho ya Galen kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Kisha njaa kubwa ikaipiga Misri kati ya 1200 na 1202, watu wakafa kwa maelfu, mifupa ikabaki wazi nje ya Kairo. Tabibu mmoja wa Baghdad, Abd al-Latif, akaenda na wanafunzi wake kuitazama. Wakakagua mafuvu zaidi ya elfu mbili. Hawakuona mshono wowote kidevuni. Taya la chini ni mfupa mmoja, akaandika, na macho ni shahidi bora kuliko Galen. Aliandika kwa Kiarabu ambacho msomaji yeyote wa zama zake angekielewa. Nimekuwa nikimkumbuka kila ninaposikia kuwa sayansi haiwezi kusemwa kwa lugha ya watu.

Lakini sitaki kuwadanganya wasomaji kuwa kila kitu tunacho. Ukiyapanga majina haya utagundua jambo: tumekipa jina kila kinachofikiwa na mkono. Utosi, panja, taya, ukosi na mtulinga vyote vinaguswa juu ya ngozi. Ndani ya ngozi mambo hubadilika. Neno mshipa limebebeshwa mzigo wa punda. Mshipa ni njia ya damu, mshipa ni neva, mshipa ni ule ukano unaokaza mtu akilala vibaya, na mshipa ni ugonjwa wa ngiri pia. Mgonjwa akisema "mshipa wa shingo wanivuta", tabibu ana haki ya kuuliza upi. Msuli nao, tunaoutumia leo kwa nyama inayovuta mfupa, kwa wazee wengi wa Pwani ni nguo ya kujifunga kiunoni. Ule mkubwa unaotokeza upande wa kulia mtu akigeukia kushoto, unaopanda kutoka kifuani na kwenye mtulinga hadi kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, sijapata kusikia jina lake nyumbani. Watu huonyesha kwa kidole tu.

Mahali pamoja ambapo mkono wa Mpwani ulikwenda ndani ya shingo ni kwenye machinjo. Mwaka wa kwanza nilioruhusiwa kumshika mbuzi wa Idi, marehemu mjomba aliyekuwa na kisu alinionyesha kabla hajachinja. Hili koromeo, njia ya pumzi. Nyuma yake umio, njia ya chakula. Pembeni mishipa miwili ya damu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi Pwani, kukata njia ya pumzi na njia ya chakula ni lazima, na kukata mishipa miwili ni sunna. Kisu hakiendi kukitenga kichwa, ni karaha. Kwa hivyo mvulana wa miaka kumi wa Msambweni huijua sehemu ya mbele ya shingo kwa mpangilio, kwa tabaka, na kwa Kiswahili. Nilipofika kidato cha tatu nikaambiwa nijifunze mambo hayo hayo upya kwa Kiingereza. Nikapata alama ndogo.

Sasa historia yenyewe ya kuandikwa kwa maneno haya. Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844, na katika miezi ya mwanzo akawazika mkewe na kitoto chao kichanga. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Miaka yote hiyo alikuwa akikusanya maneno kutoka vinywani mwa watu, na kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ni kamusi ya Mvita na jirani zake. Wakati huo Edward Steere alikwisha kutoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Ushindani wa vitabu hivi viwili ulikuwa ushindani wa miji miwili, na mshindi alitangazwa Mombasa kwenyewe, katika mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kamusi ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Mwaka huo huo padri Mfaransa, Charles Sacleux, alianza kutoa kamusi yake, ambayo ilijitahidi kuweka alama ya kila lahaja karibu na kila neno. Kwa kuwa iliandikwa kwa Kifaransa, watoto wetu hawakuiona.

Pwani ya Kusini ilikuwa wapi katika habari hii? Ilikaa nje ya mlango. Kutoka Likoni kushuka Tiwi, Diani, Gazi, Msambweni hadi Vanga mpakani, si nchi ya lahaja moja. Kivumba kinasemwa Vanga na kisiwani Wasini, Chifundi upande wa Shimoni, na Kidigo kimezunguka kote na kuvipa rangi. Mtu aliyejihangaisha na lahaja hizi kwa uzito ni H. E. Lambert, aliyetoa vijitabu vyake mwishoni mwa miaka ya 1950. Kimoja alikiita Ki-Vumba na kingine Chi-Chifundi, na majina hayo tu yanaonyesha mpaka: huku ki-, kule chi-. Wadigo walisubiri hadi 2004 kupata kamusi yao iitwayo Mgombato, iliyotungwa na Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu, yenye Kidigo, Kiingereza na Kiswahili. Ninayo moja, imechakaa, kwani kila mgeni anayefika kwangu huanza kutafuta matusi.

Silalamiki kuwa Kiunguja kilichaguliwa. Lugha ya mitihani ilihitaji umbo moja. Ninacholalamikia ni kilichofuata. Usanifishaji ulipoanza, neno lililokuwa likitumika katika mji ulioshinda liliingia vitabuni, na lililotumika kwingine lilipewa jina la lahaja likaachwa jikoni. Kikosi na mtulinga ni ajabu zaidi kwa sababu hata hayo si ya lahaja. Yamo kamusini. Yalikufa kwa kukosa kazi, maana tulipoanza kufundisha habari za mwili tulizifundisha kwa lugha nyingine. Tanzania ilijaribu njia tofauti. TUKI ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kenya hatukuchukua hata hatua hiyo. Daktari wetu hufunzwa kwa Kiingereza na Kilatini, kisha hutumwa Kwale akakutane na shangazi yangu.

Wapo watakaosema kuwa majina ya kienyeji ni mengi mno, kila kijiji na lake, na sayansi haitaki vurugu. Hoja hiyo ina uzito, ila wenye sayansi nao walipita hapo hapo. Kufikia mwisho wa karne ya 19, majina ya sehemu za mwili yaliyokuwa yakitumika Ulaya yalizidi 50,000, sehemu moja ikiitwa hivi Paris na vile Berlin. Mwaka 1895 wataalamu walikutana Basel, Uswisi, wakayapunguza yakawa kama 5,500. Walichagua kutoka katika yale waliyokuwa nayo, na walichochagua kikawa ni cha wote. Hawakuyatupa yote wakaazima ya jirani.

Mnamo Mei 2021 jarida la Nature lilichapisha habari ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo habari kubwa kuliko zote kuwahi kutoka katika ardhi ya Pwani yetu. Si ya Kwale, ni ya Kilifi, kwenye vilima vya mawe ya chokaa kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini. Huko kuna pango liitwalo Panga ya Saidi, panga likiwa ndilo pango kwa ndugu zetu Wamijikenda. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba huko mwaka 2010. Mwaka 2013 vikatokea vipande vya mifupa, na mwaka 2017 shimo lenyewe likawa wazi, kama mita tatu chini ya sakafu ya leo ya pango. Mifupa ilikuwa imelegea kama unga. Haikuweza kushikwa. Wakaufunika udongo wote kwa plasta, wakaubeba hadi Nairobi, kisha Burgos nchini Uhispania, kwenye kituo cha María Martinón-Torres na wenzake. Meno ndiyo yaliyothibitisha kuwa ni binadamu. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Amelala pale kwa takriban miaka 78,000, na hakuna kaburi la binadamu la kale zaidi ya lake lililopatikana Afrika. Wakamwita Mtoto.

Tumejuaje kuwa alizikwa, si kwamba alijifia tu akafunikwa na vumbi? Jibu liko shingoni. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yakivutwa kifuani. Mtulinga na mbavu za juu zilikuwa zimepinduka kwa namna inayotokea mwili ukifungwa kwa kukazwa, katika ngozi au majani makubwa. Sanda, kwa neno letu. Na kichwa, pamoja na pingili tatu za shingo, kilikuwa kimeinama na kushuka kama kitu kilichoondolewa kilichokuwa chini yake. Paliwekwa mto pale. Mto ulioza, kichwa kikashuka polepole ndani ya nafasi ulioiacha, na shingo ikafuata.

Nimeisoma habari hii kwa Kiingereza mara nyingi, na kwa Kiswahili nimeiona kwa ufupi tu: kaburi la kale, mtoto, pango. Mtulinga haukutajwa, wala pingili. Yaani ushahidi wenyewe uliachwa nje, ukabaki mshangao. Nilipoisimulia barazani Msambweni jioni moja, niliamua kuutaja mfupa kwa mfupa. Mzee mmoja ambaye amezika watu wengi kuliko anavyoweza kuhesabu alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Ubavu wa kulia?" Nikasema naam. "Na kichwa walikiegemeza?" Naam. Akanyamaza kidogo, kisha akatueleza sisi vijana (mimi nina miaka 54) jinsi maiti anavyolazwa katika mwanandani: ubavu wa kulia, kamba za sanda zikalegezwa, na donge la udongo likawekwa chini ya shavu ili shingo isipinde. Alikuwa akionyesha kwa mikono yake juu ya mkeka, akimlaza mtu asiyekuwepo.

Nikalazimika kuongeza kuwa baina ya kaburi lile na dini au kabila lolote la leo kuna makumi ya maelfu ya miaka, na hakuna anayeweza kuvuta kamba kutoka huku hadi kule. Mzee akanitazama kwa huruma. "Nani asema kamba?" akaniuliza. "Mtoto hulazwa hivyo."

Kesho yake nilikwenda kwa shangazi nikamsimulia yeye pia, jikoni, akikuna nazi. Kifuu kilipojaa makapi alikiweka chini akaniuliza mtoto yule alikuwa na umri gani. Nilipomwambia, akasema basi utosi ulikuwa ushakaza. Kisha akataka nimwonyeshe ni pingili zipi hasa zilizoinama. Nikampapasa juu ya shingo, chini kidogo ya kisogo, palepale panapomuuma.

"Hiyo hadithi," akasema, "kamsimulie yule kijana wa hospitali. Lakini umwambie kwanza kikosi ni nini."